Mtani Wetu wa Mambrui

Mwanamke aliyenifundisha kucheka alifia Mambrui mwezi wa Rajabu, na mimi ndiye niliyemuua. Sikumtilia sumu wala sikumgusa. Nilimcheka. Wenzangu walionisaidia kumcheka wengi wao wako hai mpaka leo, na tukikutana hunisalimu vizuri na kuniuliza hali ya magoti yangu, maana sisi watu wa Malindi tuna adabu sana ya kusalimiana.

Alikuwa mtani wetu. Nieleze kidogo, kwa kuwa vijana wa sasa wakisikia utani hufikiri ni kuitana majina barabarani. Ukoo wetu wa Malindi na ukoo wao wa Mambrui zilikuwa na utani wa tangu mababu, uliotokana na vita ambavyo hakuna aliyekumbuka tena vilikuwa vya nini. Walipochoka kuuana walipatana kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana tu. Mtu wetu akifa, wao walivuka Mto Sabaki kuja kumcheka. Mtu wao akifa, tulivuka sisi. Wanaume walikuwa na mizaha yao huko makaburini. Ya wanawake ilikuwa uani, siku ya tatu ya matanga, hitima ikishasomwa na kahawa ikishanywewa. Mtani alifunga leso ya marehemu, kanga aliyokuwa akiivaa, akasimama katikati ya ua, akamwiga alivyotembea, alivyokohoa na alivyonuna. Wafiwa hawakuwa na ruhusa ya kukasirika. Mtani naye hakuwa na ruhusa ya kuketi mpaka mmoja wa wafiwa aseme kwa sauti, “Ndiye.” Neno hilo likishasemwa, leso ilikuwa yake na aliondoka nayo.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alituambia mambo hayo ni haramu. Alipofiwa na mkewe alijificha nyuma ya mlango akichungulia, na machozi ya kicheko yakamlowesha ndevu.

Mtani wetu huyu alikuwa mfupi, na uso wake ulikuwa mpana, mtupu, kama sinia lililooshwa likaanikwa. Ungeweza kupishana naye sokoni mara tatu na usimkumbuke. Lakini akifunga leso ya mtu, ule uso uliingiwa na mwenyewe. Nilimwona akimwiga bibi yangu mzaa baba, na mbwa wetu, aliyekuwa akimwogopa bibi, akaondoka uani mkia ukiwa katikati ya miguu. Nilikuwa mdogo wakati huo. Nilicheka mpaka nikapigwa na kwikwi, na bibi nilikuwa nampenda.

Miaka michache baadaye alikufa mama. Nilikuwa mwali, sijaolewa. Baba alikuwa na mke wa pili mtaa wa nyuma, mwenye umri wa kuwa dada yangu, na mwanamke huyo alikuja kwenye matanga akaketi nasi kama desturi inavyotaka. Siku ya tatu mtani akavuka mto. Akafunga leso ya mama, nyekundu yenye maua meusi, ambayo mama mwenyewe alikuwa ameitia kiraka pembeni baada ya kuungua kwa kaa la chetezo. Nilidhani atamfanya mama anavyopepesuka akibeba mtungi, au anavyogombana na Mhindi wa duka la nguo juu ya upana wa kitambaa. Hayo kila mtu aliyajua.

Hakufanya hayo. Aliketi juu ya kibao, akajifanya anapuliza makaa ya chetezo, akafukiza nguo kwa udi, taratibu, upande huu na upande ule. Akachukua asumini, akazipanga moja moja juu ya mto wa kulalia. Akaenda mlangoni, akatega sikio. Tukajua kwa mabega yake kwamba nyayo zinakuja. Akajinyoosha, akalamba midomo, akauweka uso wake tayari kama mtu anayetandika mkeka kwa mgeni. Nyayo zikapita, zikaenda mtaa wa nyuma. Akasimama kidogo. Halafu akarudi kitandani, akaziokota zile asumini moja moja, akazitia ndani ya kikombe cha maji zisinyauke, ili zifae kesho.

Ua mzima uliangua kicheko. Yule mke wa pili alicheka akashikilia nguzo. Nami nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nikilala chumba kimoja na mama miaka yote ile, nikaviona vile vikombe vya asumini kila asubuhi, na nilidhani mama anapenda manukato tu. Nilijua siku ile, nikiwa nimeshika mbavu kwa kicheko, kwamba mama yangu alikuwa akimngoja mtu kila siku, na kwamba Mambrui nzima ilijua. Mimi ndiye niliyepiga kelele, “Ndiye!” Mtani akainamisha kichwa, akaketi, na leso ya mama ikawa yake.

Mtoto mwenye akili angemchukia. Mimi nilimfuata. Nilianza kutafuta visingizio vya kwenda Mambrui, mara kupeleka samli, mara kuuliza hali ya mgonjwa ambaye sikumjua. Nikifika nilimwamkia, “Shikamoo, mtani,” naye alijibu, “Marahaba, pua ya babako,” kisha akanikalisha dirishani. Hapo ndipo nilipopata elimu yangu. Tuliwatazama wapita njia, nami nikatakiwa kusema kila mmoja anaficha nini.

“Huyo ajidai ana haraka,” nilisema siku moja, nikimwonyesha karani wa serikali.

“Hilo alionyesha. Mimi nakuuliza afichalo.”

Nikainama dirishani nimtazame tena.

“Kiatu cha kushoto chamuuma, na kiatu si chake. Mtizame afikapo kivulini.” Na kweli karani alipofika kivulini alisimama kwa mguu mmoja kama kuku.

Ndivyo alivyonifundisha. Usimfanye mtu anachokionyesha, alisema, hicho wamekwisha kukiona. Mfanye anachokificha. Na ukishakiona usimhurumie, maana ukihurumia mkono hutetemeka na watu hawacheki. Alikuwa amevaa leso ya mama aliponiambia hayo. Alikuwa akiivaa siku zote, ya kupikia na ya kutokea, nami sikuwahi kuona ajabu.

Alikuwa na binti wa rika langu, mtoto wake wa pekee. Binti huyo hakuwa na kipaji hata cha kumwiga paka. Alikaa jikoni akikuna nazi, na sisi tukiangua vicheko dirishani yeye alituletea chai tu. Nilimdharau. Nilifikiri Mungu amekosea nyumba, mimi ndiye niliyestahili kuzaliwa pale.

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa akila amenipa mgongo, nisije nikamwiga. Jamaa zake wakija kutusalimu walinyoosha nguo kwanza nje ya mlango, na wakiondoka walitembea kama wamebeba mayai. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kuogopwa na kualikwa kila harusi, na sifa hizo zote nilizipata kwa mtani wetu. Ikiwa leo nikiona mtu ameanguka hucheka kabla ya kumwinua, mjue nilisomea wapi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Alipoanza kuzeeka niliona anawaiga waliokufa tu. Alimfanya kadhi wa zamani, alimfanya mkewe mwalimu wa chuo, alimfanya Bwana Shauri wa kwanza, yule Mzungu wa serikali aliyekuwa akijifuta shingo kwa kitambaa kila akisikia shauri la mpaka wa shamba. Bwana Shauri aliyekuwapo wakati huo hakumwiga hata mara moja. Watu walisema ameingia utu uzima, anaogopa dhambi za kuwasema walio hai. Niliona pia kwamba yule binti ameacha kukaa jikoni. Kila mamake alipoitwa kuchekesha, binti aliketi mbele karibu na miguu yake, na kicheko kilipopungua alimgusa kidole cha mguu. Mama akaendelea na lile lililofuata.

Nikaelewa. Kwenye harusi moja nilipita nyuma yake nikasema, si kwa kunong’ona, “Mtani, leso yako yashika moto.” Hakugeuka. Yule aliyekuwa akinasa sauti ya mtu kwa kumsikia mara moja akinunua ndizi, alikuwa kiziwi. Alikuwa akiwaiga wafu kwa sababu sauti za wafu ndizo alizobaki nazo kichwani.

Ningependa kusema nilisikitika. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete. Miaka yote ile nilikuwa nikitafuta yeye mwenyewe anaficha nini, na uso ule mtupu haukuwahi kunipa kitu.

Ilikuwa miaka ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa kwenda kubeba mizigo bara, na harusi zilikuwa chache, za wali kidogo na wanawake peke yao. Tulikuwa na njaa ya kucheka kuliko ya kula. Ikatokea harusi Malindi, mtani akaalikwa, na binti yake akaitwa jikoni kusaidia kupakua kwa sababu mikono ilikuwa haitoshi. Nikaona nafasi. Nikapita kwa wanawake mmoja mmoja, nikawaambia: nikiinua mkono, chekeni, lakini msitoe sauti. Fumbueni midomo, pigeni mapaja, jifuteni machozi, sauti isitoke. Walinielewa mara moja. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kucheka kwa hamu.

Akasimama. Akaanza na Bwana Shauri. Nikainua mkono.

Wanawake kama arubaini walifumbua midomo. Walijirusha nyuma, walishikana mabega, walipiga mapaja kwa ncha za vidole. Ua ulinyamaza kabisa. Nilisikia njiwa juu ya ukuta na nyayo zake yeye zikikwaruza sakafu, na sauti yake, ambayo alikuwa hawezi tena kuipima, ikipaa kama ya muuza maji. Yeye akatazama mbele akaona meno. Meno kila upande. Sijapata kumwona na furaha ile. Alitufanyia Bwana Shauri mara ya pili, akaongeza kikohozi, akaongeza na mbwa wa Bwana Shauri, ambaye hakuwahi kumfanya kabla. Alikuwa akizunguka akiwatafuta wale walio nyuma, aone na meno yao.

Halafu akamwona mtoto mchanga. Alikuwa amelala juu ya mapaja ya mamake, katikati ya wanawake waliokuwa wakigaagaa kwa kicheko, kinywa wazi, usingizi mzito. Mtani akamtazama yule mtoto. Mkono wake uliokuwa ukijifuta shingo ukabaki pale shingoni.

Akageuka akanitazama mimi. Hakuuliza ni nani, wala hakumtazama mwingine. Akaninyooshea kidole, akasema kwa ile sauti yake kubwa, “Ndiye.”

Akaketi.

Hapo ndipo walipocheka kweli, kwa sauti, na mtoto akaamka akilia. Binti yake akaja mbio kutoka jikoni na sinia la wali mikononi. Alituangalia, akamwangalia mamake chini, akaliweka sinia taratibu bila kumwaga hata punje, akamshika mamake mkono wakatoka. Mchana ule ule walivuka mto kwenda kwao.

Watu wa Malindi husema nililipiza kisasi cha mama yangu. Wamenitafutia udhuru mzuri na ninawashukuru, lakini si kweli. Mama sikumfikiria hata kidogo siku ile. Nilifanya kwa sababu ilichekesha.

Hakuchekesha tena popote. Tulisikia kwamba anashinda dirishani, kwamba chakula hakimshuki, kwamba mtu akija kumwona yeye humtazama midomo kisha hugeuza uso. Kutoka kwetu hadi kwake ni mwendo wa asubuhi moja na kivuko. Sikwenda. Kila Ijumaa nilisema nitakwenda Ijumaa ijayo. Kisha Rajabu ikaingia, na muuza samaki wa kukaanga akatuletea habari pamoja na samaki wake.

Nilimlilia kuliko nilivyomlilia mama. Nililia nikiwa napepeta mchele, nililia chooni, nililia nikimwona mtu anajikwaa barabarani kwa kuwa sikuwa na wa kumsimulia. Hakuna aliyeniambia pole. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kila mtu alijua nimejidunga.

Zamu ilikuwa yetu. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa ukoo, macho yake yakiwa yamezibwa na mtoto wa jicho, aliniita.

“Utasimama wewe,” akasema.

“Shangazi, siwezi. Binti yake atanitizamaje?”

“Akutizame atakavyo. Hana ruhusa ya kukasirika. Mwengine hatuna. Wataka mtani wetu azikwe bila kicheko, kama maiti iliyookotwa pwani? Yeye amewacheka watu wetu wote, hakumwacha hata mmoja. Nasi tutamcheka.”

Basi tukaenda, mimi na shangazi na wanawake wawili watatu. Ndani ya mtumbwi nilifikiri nitafanya nini. Ningeweza kufanya ufupi wake, na “Marahaba, pua ya babako.” Wangecheka kidogo, mtu angesema neno, ningeketi. Lakini yeye angenidharau. Aliniambia nimfanye mtu anachokificha, na alichokificha nilikuwa nakijua. Si uziwi tu. Alikuwa anaficha kwamba anatuhitaji. Mwanamke aliyetufanya wote tuogope alikuwa akizunguka ua akitafuta meno yetu. Nikaamua kumfanya siku ile ya harusi, yote, mpaka kwa mtoto. Niliamini nikimtoa vile alivyokuwa nitakuwa nimemwomba msamaha, na kwamba watu wakimcheka kwa sauti, kicheko kile atakuwa amekipata hatimaye.

Hitima ikasomwa. Kahawa ikapita. Binti yake akasimama, akaniletea leso ya marehemu, akanitupia magotini. Ilikuwa nyekundu yenye maua meusi, imepauka, na kiraka pembeni. Sikujua kwamba alikuwa ameivaa mpaka kufa. Niliifunga. Ilinuka moshi na nazi, udi wa mama haukuwamo tena.

Nikasimama katikati ya ua. Nikaipandisha sauti yake, ile iliyopotea kipimo. Nikajifuta shingo. Nikamfanya yeye akimfanya Bwana Shauri, na macho yangu yakatafuta meno, huku na huku, kama alivyotafuta. Sijapata kufanya kitu kizuri kama kile, na sikukifanya tena. Ilikuwa ni yeye. Nilihisi uso wangu umekuwa mpana na mtupu.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wa Mambrui walikaa wameshika tama. Nikaongeza kikohozi. Nikaongeza mbwa.

Binti yake akafumbua mdomo. Akajirusha nyuma, akapiga paja kwa ncha za vidole, mabega yakitetemeka, machozi yakimtoka, na sauti haikutoka. Aliyekuwa kando yake naye akafumbua mdomo, na wa nyuma yake, mpaka ua mzima ukawa meno matupu. Walikuwa hawajapangana, hilo nina hakika. Hakukuwa na haja ya kupangana. Mimi nilisikia vizuri. Nilisikia chungu kikichemka jikoni na inzi juu ya visahani vya kahawa, na nyayo zangu.

Nikafika pale pa mtoto. Nikauacha mkono wangu shingoni, nikamtazama binti, nikangoja.

Akanitazama. Midomo yake ikalisema lile neno, polepole, herufi kwa herufi, nikalisoma lote. Sauti haikuwamo. Kisha akafunga mdomo, akachukua kikombe chake.

Mtani haketi mpaka neno lisikike. Nikabaki nimesimama. Walizungumza mambo ya nazi na ya waume walio vitani, wakazunguka miguu yangu wakikusanya vyombo, mpaka adhana ya alasiri ikatolewa wakainuka kwenda kutawadha. Hapo binti akaja karibu, akasema kwa sauti ya kawaida, ya adabu kabisa, “Mtani, wahi kivuko. Mto wajaa.”

Hakuiomba leso, nami sikujua kama ni yangu. Nilitoka nayo.

Ndani ya mtumbwi shangazi aliketi amenielekea kwa macho yake yasiyoona.

“Mbona sikusikia kicheko?”

“Walicheka sana, shangazi. Walicheka mpaka machozi.”

“Na neno walisema?”

“Walisema. Binti yake mwenyewe.”

“Alhamdulillahi. Basi amezikwa.” Akanyoosha mkono akapapasa magoti yangu mpaka akaipata leso. Akaivuta upande mmoja, vidole vikalifuata pindo, vikafika penye kiraka, vikasimama hapo.

“Hii si ya mamako?” akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni ya mama.